Kidonda Kimepona, Kinga Bado Iko Kazini

Mhadhara wa wazi uliotolewa Bomang'ombe, Wilaya ya Hai

 

Nimeombwa nizungumzie kinga ya mwili na ngozi. Nimechagua ugonjwa mmoja ambao wengi tunaujua kwa macho lakini hatuutaji kwa sauti: hepesi. Ni yale malengelenge madogo yanayotokea pembeni mwa mdomo mtu akipatwa na homa, au yanayotokea sehemu za siri, yakapasuka na kuacha kidonda kinachowaka, yakapona, kisha baada ya wiki au miezi yakarudi palepale. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu unaonyesha waziwazi jinsi seli za kinga zinavyoitambua seli ya ngozi iliyoingiliwa na kuiua. Pili, sehemu ya jambo hili ilichunguzwa hapa kwetu, Moshi, na jibu lililopatikana liliwalazimisha watafiti wa dunia nzima kufikiri upya.

Hoja yangu naisema mapema. Kinga dhidi ya hepesi haikai kwenye damu tu. Inakaa ndani ya ngozi, mahali hasa ambapo virusi hutokea, na inabaki hapo muda mrefu baada ya kidonda kufunga. Kubaki huko kunatulinda na hepesi, na kubaki huko huko kunatuweka karibu zaidi na hatari ya VVU. Mtu akiyashika mambo haya mawili kwa pamoja ataelewa kwa nini kidonge cha hepesi peke yake hakikutosha kuzuia VVU, na ataelewa tunachopaswa kufanya.

Jibu lililotoka Moshi na Mwanza

Tafiti nyingi zilizowekwa pamoja zimeonyesha kwamba mtu mwenye hepesi ya aina ya pili, ile inayokaa zaidi sehemu za siri, ana uwezekano wa karibu mara tatu wa kuambukizwa VVU kuliko asiye nayo. Maelezo ya awali yalikuwa mepesi: ngozi imechubuka, kwa hiyo VVU vinapata pa kupitia. Kama ni hivyo tu, basi dawa ya kuzuia vidonda ingepunguza VVU. Dawa hiyo ilikuwepo tayari, asikloviri, inayozuia virusi vya hepesi kujinakili.

Kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, upande wa Mwanza, wanawake 821 wenye hepesi lakini wasio na VVU, wafanyakazi wa baa, nyumba za wageni na sehemu nyingine za starehe, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza asikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku. La pili lilimeza kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa. Majibu yalichapishwa mwaka 2008. Waliopata VVU katika kundi la dawa walikuwa 27. Katika kundi jingine walikuwa 28.

Wakati huohuo hospitali ya KCMC, Moshi, ilikuwa moja ya vituo 14, katika nchi 7 za Afrika Mashariki na Kusini, vilivyofanya utafiti mkubwa zaidi. Hapa zilishiriki jozi 3,408 za wenza wenye majibu tofauti: mmoja ana VVU pamoja na hepesi ya aina ya pili, mwenzake hana VVU. Mwenye VVU ndiye aliyemeza kidonge. Jozi ziliandikishwa kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2007, na majibu yakatoka mwaka 2010. Vidonda vya sehemu za siri vyenye virusi vya hepesi ya aina ya pili vilipungua kwa asilimia 73. Lakini maambukizi yaliyothibitishwa kutoka kwa mwenza yalikuwa 41 upande wa dawa na 43 upande usio na dawa.

Tuwaheshimu watu hawa. Mume na mke waliokubali kukaa mbele ya mtafiti na kueleza mambo ya chumbani kwao, kwa miezi mingi, walitoa kitu kikubwa. Jibu walilotupatia lilikuwa chungu, lakini lilikuwa la kweli. Vidonda vilipungua, maambukizi hayakupungua. Kumbe tatizo haliishii kwenye kidonda kinachoonekana. Ili tulielewe, hatuna budi kuingia ndani ya ngozi.

Safari ya kirusi

Kirusi cha hepesi hakipenyi ngozi nzima yenye tabaka gumu la juu. Huingia palipochubuka, au kwenye utando laini wa mdomo na sehemu za siri. Kikishaingia katika seli ya ngozi hukiteka kiwanda chake chote, na seli huanza kutengeneza virusi badala ya kufanya kazi zake. Seli huvimba na kufa, virusi humwagikia seli za jirani, maji hujikusanya chini ya tabaka la juu. Hilo ndilo lengelenge.

Baadhi ya virusi huingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu na kusafiri ndani yake hadi kwenye vifundo vya neva. Vya mdomoni huishia kwenye kifundo kilicho chini ya ubongo. Vya sehemu za siri huishia karibu na mwisho wa uti wa mgongo. Huko hulala maisha yote. Asikloviri haiwezi kuviondoa huko, kwa kuwa hufanya kazi tu pale kirusi kinapojinakili. Mara kwa mara vichache huamka na kurudi ngozini kwa njia ileile.

Hapa kwetu mtu akiumwa malaria, kisha mdomo ukababuka, utasikia watu wakisema kwamba malaria imetokea mdomoni. Ukweli ni kwamba homa imeamsha kirusi ambacho huenda mtu alikipata tangu utotoni. Jua kali nalo hukiamsha. Wapagazi na waongoza watalii wanaopanda Kilimanjaro, kule juu ambako mionzi ya jua ni mikali na theluji huirudisha usoni, wana sababu nzuri ya kuikinga midomo yao.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa watu fulani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana hepesi ya aina ya kwanza, na kwamba zaidi ya watu milioni 500 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana ya aina ya pili. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuona kidonda.

Seli inavyojulikana kuwa imeingiliwa

Seli iliyoingiliwa hujitangaza kwa njia mbili.

Ya kwanza haihitaji kumjua adui kwa jina. Ndani ya seli zetu mna protini zinazotambua DNA ikiwa mahali isipostahili kuwepo. Zikiikuta, seli hutoa interferoni, na interferoni huzifikia seli za jirani na kuzifanya zijiandae kabla hazijashambuliwa. Hii ni kinga ya saa za mwanzo.

Ya pili hukitambua kirusi chenyewe, na hapa pana swali zito. Seli ya kinga iko nje na kirusi kiko ndani. Itajuaje? Fikirieni soko letu hapa Bomang'ombe. Muuza maharage hafungi gunia akakuambia umwamini. Anaweka kiasi juu, pale mdomoni mwa gunia, uone na ushike. Kila seli ya ngozi hufanya hivyo usiku na mchana. Protini zilizotengenezwa ndani hukatwa vipande vidogo, vyenye asidi amino nane hadi kumi hivi. Vipande hupitishwa kwenye tundu maalumu, hubebwa na molekuli ziitwazo HLA, na kuletwa juu ya seli. Seli nzima huonyesha vipande vya protini zake yenyewe. Iliyoingiliwa huonyesha pia vipande vya kirusi.

Anayekagua ni seli T ya aina ya CD8. Kila seli T ina kipokezi chake, tofauti na cha nyingine, na nyingi zitaishi na kufa bila kukutana na kipande kinachozifaa. Lakini ile ambayo kipokezi chake hushika kipande cha hepesi husimama, hujizalisha kwa maelfu, na kizazi chake huenda ngozini. Tena haishiki kipande peke yake. Hushika kipande pamoja na HLA ya mwenye mwili. Jambo hilo liligunduliwa Canberra, Australia, na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, ambao walichapisha kazi yao mwaka 1974 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Kirusi nacho kina ujanja wake, na kimekuwa na muda mrefu wa kujifunza. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba hepesi ya aina ya pili iliwafikia wazazi wetu wa kale kutoka kwa wazazi wa sokwe, miaka kama milioni 1.6 iliyopita. Watafiti wengine walipendekeza mwaka 2017 kwamba huenda kilipitia kwa Paranthropus boisei, kiumbe ambaye fuvu lake Mary Leakey alilikuta Olduvai mwaka 1959, si mbali na hapa tulipo. Katika muda huo wote kirusi kimejipatia protini iitwayo ICP47, ambayo kazi yake ilielezwa mwaka 1995. ICP47 huziba lile tundu. Vipande havipiti, HLA hazifiki juu, na gunia limefungwa.

Lakini gunia lililofungwa nalo hutia shaka. Mwili una seli nyingine, ziitwazo seli za asili za kuua, ambazo hukagua kama HLA zipo. Zikikuta seli isiyoonyesha kitu, hazingoji ushahidi zaidi. Kirusi kikijificha kwa CD8 kinajifichua kwa hizi.

Seli inavyouawa

Watafiti waliochukua vipande vidogo vya ngozi kwa wagonjwa waliojitolea, siku baada ya siku, waliona mpangilio. Seli za asili za kuua na seli T za aina ya CD4 hutangulia. CD8 zinazoweza kuua seli zenye hepesi huongezeka baadaye, na kuongezeka kwake huenda sambamba na kutoweka kwa virusi. Mpangilio huo una maana. CD4 hutoa interferoni gamma, ambayo huilazimisha seli ya ngozi itengeneze HLA kwa wingi hata ICP47 ishindwe kuzizuia zote. Sasa CD8 inaona.

Ikishaona, hujibana na seli ile na kuelekeza vifuko vyake mahali palipogusana. Hutoka perforini, protini inayotoboa utando, na pamoja nayo granzimu, zinazoingia na kuamsha mpango wa kufa ambao kila seli imebeba. Seli hujivunja kwa utaratibu kabla haijamaliza kutengeneza virusi vipya. CD8 huiachia na kwenda kwa nyingine. Ngozi hujizalisha upya, hivyo hasara hiyo hulipika. Sehemu ya maumivu na wekundu wa kidonda ni kazi hii ya kinga yenyewe.

Kwenye neva kinga hufuata njia nyingine, kwa kuwa seli ya neva ikifa haipati mbadala. Katika panya, kazi iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba CD8 zilizo kwenye kifundo cha neva hutumia granzimu kuikata protini moja ya kirusi, ICP4, ambayo bila hiyo kirusi hakiwezi kuendelea, na neva yenyewe hubaki hai. Seli ileile inayoua ngozini, kwenye neva hutuliza bila kuua. Nimesoma mengi katika fani hii, na hili bado hunijaza shukrani kila nikilifundisha.

Zinazobaki baada ya kidonda kufunga

Zamani tulifikiri kwamba vita ikiisha seli hizi hurudi kwenye damu na tezi, kungoja mwito mwingine. Mwaka 2009 watafiti wa Melbourne walionyesha kwa panya kwamba baadhi ya seli T hubaki kwenye ngozi iliyowahi kupata hepesi na kuilinda papo hapo. Kwa binadamu, kundi la Seattle la Jia Zhu na Lawrence Corey lilionyesha mwaka 2007, na tena mwaka 2013, kwamba CD8 hujipanga pale tabaka la juu la ngozi linapokutana na la chini, karibu kabisa na ncha za neva ambako virusi hutokea. Hukaa hapo miezi mingi baada ya ngozi kuonekana safi.

Ni vizuri zikae huko, maana virusi huamka mara nyingi kuliko tunavyojua. Watafiti waliowaomba wagonjwa wajipime mara nne kwa siku walikuta kwamba karibu nusu ya safari za kirusi kwenye ngozi ya sehemu za siri huanza na kumalizika ndani ya saa 12, bila lengelenge wala maumivu. Mtu ameamka asubuhi, amekwenda shambani, amerudi, na kati ya hapo kirusi kimetokea na kimezimwa. Lakini katika saa hizo anaweza kumwambukiza mwenzake. Hapo hakuna uzembe wala uongo. Hakuna alichokiona.

Upande wa pili wa ulinzi huo

Sasa turudi kwenye jibu la Moshi. Pamoja na CD8, kwenye ngozi iliyopona hubaki pia CD4. Na CD4 ndizo seli ambazo VVU huzitafuta ili viingie, hasa zile zenye kipokezi kiitwacho CCR5. Mwaka 2009 kundi lilelile la Seattle lilichapisha kwamba mahali palipokuwa na kidonda cha hepesi seli hizo hubaki kwa wingi kwa wiki hadi miezi, hata kwa mtu anayemeza asikloviri kila siku. Walipoweka VVU kwenye seli za vipande vya ngozi iliyopona, na kwenye seli za ngozi ya kawaida ya watu walewale, VVU vilijipandikiza zaidi katika zile za ngozi iliyopona.

Hayo ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi tuliyonayo ya kilichotokea Mwanza na Moshi. Kidonge kilipunguza kujinakili kwa kirusi na kidonda kikafunga. Lakini safari fupifupi za kirusi ziliendelea chini chini, na kinga ikaendelea kuzijibu kwa kuweka seli zake palepale. Dawa iligusa kirusi, haikugusa kilichobaki nyuma yake.

Wapo waliosikia habari hii wakasema kwamba basi kinga ni adui. Hapana. Hospitali zetu zinajua mtu akikosa kinga hiyo hali huwaje. Katika miaka ya 1990, kabla ya dawa za kufubaza VVU, ambazo mpango wa taifa ulianza kuzitoa mwaka 2004, vidonda vya hepesi kwa mgonjwa wa UKIMWI vilienea na kukaa zaidi ya mwezi bila kufunga. Ndugu wa hepesi, kirusi cha tetekuwanga, kilirudi kama mkanda wa jeshi kwa vijana, na watu wakajifunza kuuogopa kama dalili ya UKIMWI. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza KCMC mwaka 1992, kimefundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika kuisoma ngozi, na somo moja kubwa la ngozi lilikuwa hilo: CD4 zikiisha, CD8 hukosa msaada, na kirusi kilichokuwa kikizimwa kimyakimya huachiwa uwanja. Mgonjwa akianza dawa na kinga ikainuka, ngozi hufunga.

Chanjo itafutwe wapi

Haya yanatupa dira ya chanjo. Chanjo iliyojaribiwa kwa wanawake 8,323 wa Marekani na Kanada, na majibu yake kuchapishwa mwaka 2012, ilifundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini moja ya kirusi. Haikuzuia hepesi ya aina ya pili. Kingamwili huelea kwenye damu na majimaji, nao ugomvi wa hepesi unaamuliwa ndani ya ngozi, seli kwa seli. Mwaka huohuo Haina Shin na Akiko Iwasaki wa Yale walionyesha kwa panya njia ya hatua mbili: kuchanja kwanza ili seli T ziwepo, kisha kupaka dawa ya kuzivuta hadi kwenye utando wa uke zikae hapo. Panya hao walikingwa vizuri. Kazi iliyobaki ni kufanya hivyo kwa binadamu, na kuvuta CD8 bila kuzijaza CD4 zinazopendwa na VVU. Swali hilo linazihusu nchi zetu kuliko nchi nyingine yoyote, kwa sababu hepesi ya aina ya pili na VVU vimekutana zaidi Afrika. Vijana mlioko hapa, mmoja wenu akilibeba hadi maabara atakuwa anafanya kazi ya nyumbani.

La kufanya sasa

Chanjo haijaja, lakini hatuko mikono mitupu.

Mwenye malengelenge au vidonda vya sehemu za siri aende kituo cha afya, apate dawa, na apime VVU pamoja na mwenza wake. Asikloviri bado ina faida kubwa: hufupisha maumivu na kupunguza kurudi kwa vidonda. Isichukuliwe kuwa kinga ya VVU, kwa sababu wenzetu wa Moshi na Mwanza walitupa jibu hilo.

Kidonda kikifunga, tahadhari isifunge nacho. Wakati wa kidonda pumzikeni na tendo la ndoa. Wakati usio na kidonda kondomu hupunguza hatari, ingawa haiiondoi yote. Mwenye VVU ameze dawa zake kila siku. VVU vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo havimfikii mwenza kwa njia ya kujamiiana, na kinga yake mwenyewe hurudi kuilinda ngozi. Aliye na mwenza mwenye VVU, au aliye katika hatari, aulize kituoni kuhusu dawa za kumeza kabla ya kukutana na VVU.

Mama mjamzito aliyewahi kuwa na hepesi, na hasa anayeona malengelenge kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekua, amwambie mkunga mapema. Kinga ya mtoto mchanga bado ni changa, na kirusi kikimfikia wakati wa kuzaliwa kinaweza kumuua au kumharibu ubongo. Mkunga akijua kabla, mtoto anaweza kukingwa. Na mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto mchanga, hata akiwa bibi aliyesafiri toka mbali kuja kumwona mjukuu.

Mwisho, tuache kumpima mtu tabia kwa lengelenge. Kirusi hiki ni cha kale kuliko kabila lolote lililo hapa, kimewafikia watu mabilioni, na huambukizwa mara nyingi na mtu asiyejua kwamba anacho. Mke asifukuzwe, mume asitukanwe, binti asinyamaze na maumivu kwa hofu ya kuitwa jina baya. Aibu humzuia mtu kwenda kituoni, na asiyekwenda kituoni hapimwi, hatibiwi, wala hamkingi mwenzake. Wahudumu wa afya mliopo hapa, mpokeeni kwa heshima. Wazazi, lisemeni nyumbani.